Nani Kaita?

Sauti ya kwanza ilitoka jikoni, baada ya chakula cha mchana, saa ile ambayo nyumba nzima hulegea na kila mtu hutafuta ukuta wa kuegemea.

"Naam," ilisema.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, tulivu, sauti ya mtu aliyelelewa akafundwa kwamba ukiitwa, unaitika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa ameita. Na jikoni hapakuwa na mwanamume. Mwanamume pekee wa familia ile alikuwa Kaka, na Kaka alikuwa kazini kwake, kwenye ofisi ya wapima ardhi, upande wa pili wa mji.

Fundi alishusha hedifoni shingoni. Mama, aliyekuwa akichambua mchele sebuleni, aliinua uso.

"Nani kaita?" Mama aliuliza.

"Mimi sijaita mtu."

"Basi nani kaitika?"

"Labda mpangaji, anaongea na simu yake," alisema Fundi. Mpangaji alikuwa na chumba cha pembeni, dirisha lake likitazamana na la jikoni, na alikuwa mtu wa kulaumiwa kwa urahisi.

Mama alirudi kwenye mchele wake, Fundi akarudi kwenye kazi yake. Balaa hupenda kupita mbele ya watu wenye shughuli.

Jina la Fundi hakupewa kwa heshima. Kazi yake halisi ilikuwa kunukuu: aliletewa sauti zilizorekodiwa kwenye vikao na mahojiano, akazisikiliza, akaandika neno kwa neno kila kilichosemwa. Ufundi ulimwangukia siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza ruta ya nyumba. Baada ya hapo waya wa intaneti ulifika mahali pamoja tu, nao ni kwenye kompyuta yake ya mezani. Nyumba nzima ikamgeukia kama vifaranga.

Bahati mbaya alijua la kufanya. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kadi ya waifai, kitu chembamba kisichozidi kiganja, chenye antena mbili zilizochomoza nyuma kama masikio. Kadi ilitengenezwa ili ipokee. Fundi akaigeuza kazi: badala ya kupokea, igawe. Akapekua mipangilio, akatukana kidogo, akawasha upya, na ilipofika jioni kadi moja ilikuwa inalisha simu ya Kaka na kompyuta yake ya mapajani, simu ya mke wa Kaka na tableti yake, televisheni, simu mbili za mpangaji, na redio ya Bibi. Kwa kuwa mke wa Kaka alikuwa wifi yake, Fundi alizoea kusema kwamba ana wifi na ana waifai, na kwamba wa kwanza angalau hulala.

Kadi ile haikuumbwa kwa mzigo huo. Ilichemka, ikazubaa, ikakata, na kila ilipokata aliitwa yeye.

"Fundi, inazunguka tu!"

"Fundi, picha imeganda."

"Fundi, uko wapi wewe? Imekata."

Aliitwa akiwa mezani, akiwa chooni, akiwa na povu la sabuni kichwani. Alifika mahali akawa anaitika kabla hajaitwa, na moyoni anachemka kuliko kadi. Hakuna aliyewahi kumwita amwambie kwamba leo inakwenda vizuri.

Mtu mmoja tu hakulalamika, naye ni Bibi. Tangu alipovunjika nyonga, Bibi hakusimama bila kushikwa na watu wawili, huku na huku. Fundi alimnunulia redio ndogo inayovuta stesheni za mbali kupitia intaneti. Ilikuwa na betri ndani, haikuwa na kioo wala maandishi, kitufe kimoja tu na kitaa: kijani ikishika, bluu ya kupepesa ikitafuta. Bibi aliilaza kifuani kutwa. "Hii ndiyo miguu yangu," alikuwa akisema. "Inanitembeza."

Sasa, mwanzoni mtandao ule uliitwa "Nyumbani," na neno la siri Kaka alimpa kinyozi wake, na kinyozi, mtu mkarimu, akawapa wateja. Watu wakawa wanaegemea ukuta wa nje wakitazama mpira. Fundi alipandwa na hasira, akafanya mawili. La kwanza, aliuficha mtandao, usijitangaze tena kwa wapita njia; anayetaka kuingia ataje jina mwenyewe, na asiyelijua abaki nje. La pili, alitafuta jina ambalo hakuna kiumbe angelibahatisha.

Alilipata bila kufikiri. Kulikuwa na neno alilolisikia akiwa mtoto, amejificha uvunguni mwa kitanda, siku watu wageni walipokuja kumtibu Bibi mlango ukiwa umefungwa. Mtu aliuliza, na sauti nene ikajibu neno moja. Baadaye Fundi alifungua mdomo amuulize Mama maana yake, na kabla hajamaliza silabi ya kwanza alikula kofi ambalo shavu lake halijalisahau. Akaambiwa asilitamke maisha yake yote. Akatii. Lakini hakuna aliyemwambia asiliandike. Neno lenyewe halitaandikwa hapa. Hadithi moja inatoshwa na kosa moja.

Akazunguka kifaa kwa kifaa, akaliandika kwenye kila kimoja. Kwenye redio, isiyo na pa kuandikia, aliliingiza kwa kupitia simu yake. Mtandao ukatulia. Ilikuwa wiki ile ile ambapo sauti iliitika jikoni.

Kisha ikaitika kwingine. Wifi aliisikia ndani ya kabati la nguo, akatoka chumbani anatembea kinyumenyume.

"Wifi," alinong'ona, "kabatini kuna mtu."

"Kuna nguo zako. Ndiyo maana halifungiki."

"Sifanyi mzaha mwenzio. Kasema naam. Kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake."

Kaka aliisikia bafuni, ikitoka kwenye tundu la maji machafu, akamaliza kuoga bila kusuuza. Mpangaji alikuja kulalamika kwamba kuna mtu anaitika nyuma ya kitanda chake na yeye amelipia chumba cha mtu mmoja. Pakaingia na harufu, ya nywele zilizoungua, iliyokuja ghafla na kuondoka ghafla, na Fundi, akidhani ni kadi, alizima kila kitu, akafungua ubavu wa kompyuta, akaigusa kwa kidole. Kadi iliyokuwa ikichemka kutwa ilikuwa baridi kabisa. Alipoiwasha tena mtandao ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Siku hiyo hakuna aliyelalamika, na hilo peke yake lilimtia wasiwasi.

Kesho yake msimamizi wake alimrudishia kazi na ujumbe mkali. Kikao kile kilikuwa cha wanawake watupu. Hizi naam za mwanamume, zilizojaa kila ukurasa, kazitoa wapi?

Fundi alirudia kusikiliza mwanzo hadi mwisho. Wanawake watupu. Wala hakukuwa na naam. Akachomoa waya wa hedifoni kwenye kompyuta akaukunja, hedifoni zikiwa bado masikioni, na ndani ya ukimya ule wa sponji, karibu kabisa, mtu akasema:

"Naam. Nasikia."

Alizivua akazitupa kitandani. Kilichomkaa zaidi baada ya hofu ni kwamba aliitambua namna ile ya kuitika. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya kuchoka. Ni vile yeye mwenyewe alivyoitika akiwa na povu kichwani.

Alikwenda kwa Bibi, kama alivyokwenda tangu utotoni kila alipoogopa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Punguza redio, mjukuu wangu, ukae hapa." Mkono wa Bibi ulikuwa wa baridi. "Nanyi mnamsikia?"

"Tunamsikia. Ni nani?"

"Mimi nilimsikia kabla yenu. Mtu haitiki asipoitwa. Huyu anaitwa, na anaitwa sana. Kila akifika hapati neno. Kwa nini mnamwita?"

"Hakuna anayemwita, Bibi."

Bibi aliegemeza kichwa kwenye mto. "Mimi ni mzee," alisema. "Mwambieni nimezeeka. Asije kunisimamisha tena."

Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alimvuta Fundi kwa mkono mpaka mwisho wa korido, akasema kwa sauti ya chini ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake.

"Ni Yule. Ulikuwa mdogo. Alimkalia Bibi yako miaka. Alikuwa akimsimamisha, akimtembeza chumba kizima, kwenda na kurudi, mpaka nyayo zinatoka damu na bado hamwachi. Aliyemtoa alituambia mambo mawili. Jina lake lisitajwe. Na akirudi, mwili huu hauwezi kumbeba mara ya pili. Kwa hiyo nakuuliza. Nani kalitaja?"

Fundi alihisi shavu lile la utotoni likiwaka.

"Mimi sijawahi kulitamka, Mama. Tangu lile kofi."

Kweli hakuwahi. Kaka na Wifi waliulizwa, wakaapa hata hawalijui. Neno lililojitokeza kwenye simu zao walidhani ni mambo ya Fundi na kompyuta zake. Mama mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, hakuwahi kuona kitu. Wazo lilimpitia Fundi, lazima isemwe. Lilimpitia likamgonga begani. Lakini kuandika si kuita, alijiambia. Na kubadilisha jina kungemaanisha kuzunguka tena kifaa kwa kifaa, na kazi iliyorudishwa inamsubiri, na Kaka ataanza, na Wifi ataanza. Alikuwa amechoka na nyumba ile. Akasema atafanya kesho.

Jioni alimpelekea Bibi uji. Jua lilikuwa halijazama, watu walikuwa wanapita barabarani, na kuna mtu alikuwa anapiga msumari mahali fulani. Bibi alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, redio kifuani ikiwaka kijani na kuimba polepole. Fundi aliweka bakuli mezani akainama kumwamsha, na mdomo wa Bibi ukafunguka.

"Naam," ulisema.

Sauti ilikuwa nene, ya kiume, na ilitoka kwenye kifua kile chembamba bila kifua kupanda wala kushuka, naam, tena naam, tena naam, kila moja ikiifuata nyingine kama mtu anayevutwa nguo na watoto wengi kwa pamoja, huku na huku, hajui amgeukie yupi, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na Fundi akabaki ameinama vile vile juu ya uso wa mtu aliyempenda kuliko wote duniani, akitazama chini ya shuka vidole vya miguu ya Bibi, vilivyokuwa havijakanyaga sakafu peke yake kwa miaka, vikianza kujikunja na kujikunjua, kimoja kimoja, kana kwamba vinajipima.

"Naam," mdomo ulisema. "Semeni basi."

Bi Mkimya aliletwa kesho yake mchana. Walimwita hivyo kwa sababu hakupandisha sauti hata akiwa kwenye ugomvi, na alikuwa ametoa majini kwenye nyumba nyingi kwa kusema nao kama mtu anayeuliza njia. Hakuja na mbwembwe. Alivua viatu, akawaketisha wote chumbani kwa Bibi, Mama, Kaka, Wifi, Fundi, hata mpangaji, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumshika Bibi kidole kidogo cha mkono.

"Mgeni," alisema, "tunakusikia. Umefuata nini?"

Midomo ya Bibi ilijinyoosha.

"Mimi sikufuata kitu. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Na hawa."

"Wanasema hawajakuita."

Hapo sauti ikapanda, na katika kupanda kwake haikuwa ya ukatili. Ilikuwa ya mtu aliyefika mwisho. "Wananiita asubuhi, wananiita mchana, wananiita wamelala. Naitika, hawasemi neno. Nikigeuka niondoke, wananiita tena. Wengine wananiita wakiwa barabarani. Tangu nimeumbwa sijaitwa namna hii. Kama wana shida waseme. Kama hawana, kwa nini hawaninyamazii?"

Kaka alifungua mdomo kukana. Mkono wa Bibi, ule usioshikwa, ukainuka na kumwonyesha kwa kidole.

"Huyu ananiita mfukoni, sasa hivi. Huyu mwanamke ananiita kwenye mkoba. Yule wa mlangoni ananiita mara mbili mbili." Mpangaji akashika mifuko yake yote miwili. "Na chumba cha pili, lile lenye masikio mawili, kila wanaponitaja, lenyewe linalirudia jina langu. Halipumui."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alielewa yote kwa mara moja, na kuelewa kwenyewe kulimuuma. Mtandao usiojitangaza, simu huutafuta kwa kuutaja. Ndivyo alivyoupanga yeye mwenyewe, kwa hasira ya watu waliotazama mpira. Kila simu, kila muda mfupi, mchana na usiku, ilikuwa inalitupa hewani jina lile: upo? upo? Hata ikiwa kazini kwa Kaka. Hata ikiwa sokoni na Wifi. Na kadi ilikuwa inajibu kwa jina hilo hilo. Nyumba iliyokaa miaka bila mtu kuthubutu kulinong'ona, sasa ilikuwa inaliita mfululizo bila kupumzika, na hakuna aliyefungua mdomo.

Hakueleza. Alitoka mbio, akang'oa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta na kuichomoa kadi kwa vidole viwili. Akarudi nayo.

"Leteni simu," alisema. "Zote. Nimeliandika mimi."

Mama alimtazama, na Fundi akajua kwamba kofi lingekuwa nafuu.

Walimpa simu moja moja. Alilifuta jina kwenye kila moja, ya Kaka, ya Wifi, zile mbili za mpangaji, akakimbilia televisheni, akarudi kwenye tableti na kompyuta ya mapajani ya Kaka. Kila alipofuta, uso wa Bibi ulilegea kidogo, na harufu ikapungua, na alipofuta kwenye simu yake mwenyewe, ya mwisho, chumba kilitulia hivi kwamba walisikia maji yakidondoka jikoni. Kwenye mto, redio ilikuwa imenyamaza, kitaa chake kimegeuka bluu. Hakuna aliyeitazama.

"Mgeni," alisema Bi Mkimya, "bado wanakuita?"

"Kwa mbali," sauti ilijibu, kwa utulivu wa mtu anayesinzia. "Kimoja. Kidogo sana."

"Tutakinyamazisha. Watu hawa wamekosa, hawakujua. Nenda na amani yako."

"Naenda. Lakini sitakuja tena kwa kuitika tu. Nimeitika inatosha. Nikiitwa tena, nitakuja nikae."

Bibi alivuta pumzi ndefu, akafumbua macho, akaomba maji. Wifi alilia. Kaka, ambaye hakuwahi kumshukuru mtu kwa jambo lolote, alimshika Fundi bega.

Hicho kimoja, cha mbali, Fundi alikitafuta kama mtu aliyepoteza pete kisimani. Alimkumbuka binamu aliyewatembelea, akampigia, akambembeleza alifute jina, binamu akataka kwanza kujua kama waifai yenyewe imeongezwa kasi. Alimkumbuka fundi bomba aliyemwomba mtandao kwa dakika chache. Akamfuata hadi kwenye nyumba alikokuwa anazibua choo, akamtoa na mikono yake vile vile, akalifuta jina mwenyewe kwenye simu ile huku fundi bomba akiapa kwamba hana mwanamke mwingine. Kinyozi alikuwa na jina lile la zamani tu, lakini alifutiwa pia, na akafokewa. Ilipofika jioni Fundi alikuwa amekauka koo, na alikuwa na hakika. Kadi aliivunja vipande viwili akaifukia. Wiki ile wakanunua ruta mpya, na mtandao ukaitwa "Nyumbani," wazi, kila apitaye auone. Ukawa mzito kama kawaida. Wakaanza tena kumwita, na safari hii hakununa.

Bibi walimpeleka kwa Dada, dada yao mkubwa aliyeolewa mtaa wa mbali, apumzike mahali pasipo na kumbukumbu mbaya. Fundi alimfungia begi mwenyewe: mashuka mawili, miwani, dawa za presha, kitana, na juu kabisa, ili asipweke, redio yake.

Nyumba ilinyamaza. Jikoni hakuna aliyeitika, bafuni hakuna aliyeitika. Kazi iliyorudishwa ilikubaliwa. Wifi alianza hata kulifunga kabati lake kwa goti, akiimba.

Dada alipiga simu mchana mmoja, saa ile ile ya kulegea.

"Bibi hajambo kabisa," alisema. "Anakula kuliko mimi. Kitu kimoja tu kinanishangaza. Anaitikaitika."

Fundi aliacha kuandika. "Mnamwita?"

"Nani amwite, na mimi niko jikoni? Anakaa tu, mara naam, mara naam. Nikamwambia Bibi, mwanamke haitiki naam, akacheka. Nadhani ni upweke. Ile redio yako tangu ije haijashika. Nilitaka kuipa neno la siri la hapa, sijui pa kuliandika. Inapepesa taa ya bluu tu usiku na mchana, na yeye hakubali tuiondoe kifuani. Naichaji hapo hapo."

Fundi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Aliona mikono yake mwenyewe ikiiweka redio juu ya mashuka, ikiifunika vizuri isigongwe. Kifaa kisicho na kioo. Kifaa kisicho na pa kusomea jina.

"Izime," alisema. "Dada, nakuomba, bonyeza kile kitufe mpaka taa ife. Nenda sasa hivi, usikate simu."

"Mbona hivyo? Haya, naenda." Nyayo za kandambili zilisikika, kisha mlango. "Nimeichukua. Nabonyeza. Haya, taa imekufa. Umeridhika? Hata yeye kanyamaza."

"Kanyamaza?"

"Kanyamaza kabisa. Ongea naye mwenyewe, hebu shika."

Simu ilibadilisha mkono. Fundi alisikia pumzi, polepole, ikiingia na kutoka, na nyuma yake feni ikizunguka kwenye chumba cha Dada. Alitaka kuita. Neno "Bibi" lilikuwa tayari mdomoni, neno alilolitamka mara nyingi kuliko neno lolote maishani mwake, naye kwa mara ya kwanza aliogopa kulitoa, kwa sababu hakujua nani ataitika.

"Bibi," alisema mwishowe.

Kisha, kwa mbali, sauti ya Dada, ya mshangao tu, bado haijawa hofu:

"Bibi, umesimamaje peke yako?"

Nyayo zikasikika sakafuni. Zilikuwa nzito, za mtu asiye na maumivu, zilikwenda mpaka ukutani, zikageuka, zikarudi, zikageuka tena, na simu ilikuwa inatembea nazo.

"Nimekaa," ilisema ile sauti nene, karibu na sikio lake. Haikuwa imechoka tena. "Sasa sema, mjukuu. Mlikuwa mnaniitia nini?"